Kona ya Kushoto ya Memsabu Kiberiti

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na moja, nimesimama kwenye roshani ya klabu ya Wazungu pale Arusha mjini na taulo begani. Chini yangu mwanamke aliyekuwa bingwa miaka minane mfululizo alikuwa akishindwa na mgeni. Karibu watu wote mle ndani walishangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo, kwa sababu nilijua tangu mwaka uliotangulia kwamba siku hiyo itafika, na nilijua itafikaje, na nilikuwa nimenyamaza.

Lakini kabla ya kuendelea niache kwanza niseme lililonikera. Leo mchana nimewapikia makande, nikasahau chumvi. Ni uzee tu. Mlikuwa watano mezani, na wote watano mkaniambia, "Matamu sana, bibi." Wewe ukaongeza na sahani ya pili! Nilipokuja kuonja mwenyewe nikajiuliza, hawa watoto wanamwogopa nani? Mimi, niliyebakiwa na meno manne? Mnanichosha. Ndiyo bibi, sawa bibi, vizuri bibi. Kaa hapo, weka hiyo simu mfukoni, nikueleze maneno hayo yaliwahi kunigharimu nini.

Mchezo wenyewe unaitwa skwoshi. Usidhani ni tenisi. Ni chumba kirefu chenye kuta nne nyeupe. Watu wawili wanaingia, mlango unafungwa, wanapokezana kupiga ukutani mpira mdogo mweusi wa raba. Chini ya ukuta wa mbele kuna ukanda wa bati. Ukipiga bati umekosa. Mpira ukidunda mara mbili sakafuni kabla hujaufikia, umekosa. Wa kwanza kufikisha pointi tisa ameshinda seti, na mwenye seti tatu ndiye mshindi. Wapishi wa klabu walikiita chumba cha ugomvi, kwa zile kelele za viatu na mpira.

Wakati huo wa Mwingereza nilikuwa yaya kwenye shamba la kahawa upande wa Usa River, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu Makumira. Jina la yule mama sitalitaja. Sisi wafanyakazi tulimwita Memsabu Kiberiti, maana aliwaka ghafla na kuzimika ghafla. Hakuwa mtu mbaya. Mama yangu alipougua kifua, yeye mwenyewe alimpakia garini akampeleka hospitali, akasimama pale mpaka akapata kitanda. Kesho yake akamfukuza mpishi kwa sababu ya yai lililoiva mno. Jioni akamrudisha. Ukifanya kazi kwa mtu wa namna hiyo unajifunza kuusoma uso wake tangu asubuhi, kabla hajakaa mezani.

Kila mwaka klabu ilikuwa na mashindano ya skwoshi ya wanawake, na kila mwaka Memsabu Kiberiti alirudi na kombe lilelile. Nililing'arisha mimi. Watoto wake walipopelekwa shule ya bweni nilidhani kazi yangu imekwisha, kumbe yeye alikuwa na shida nyingine: hakuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi. Mabibi wengine walicheza naye siku za mashindano tu, kwa kuwa alikuwa akiwafokea. Basi mumewe akalipaka chokaa ghala moja la zamani la kahawa, akapigilia bati ukutani, na memsabu akawa anacheza mle peke yake. Mimi niliokota mipira.

Siku moja akanisukumia raketi kuukuu kifuani.

"Wewe piga," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, cha kuamrishia. "Mimi choka kucheza na ukuta."

Nikapiga. Mwanangu, sijisifu, lakini sisi wasichana wa mlimani tumekua tukipanda na kushuka makorongo na ndoo kichwani. Kugeuka ghafla bila kuanguka hatukufundishwa na mtu. Baada ya miezi michache nilikuwa naurudisha mpira wake karibu kila mara, peku, na yeye akawa anatokwa jasho kwelikweli. Akanipa raba zake za zamani. Nilizijaza pamba mbele zikanikaa.

Halafu zikaja mvua za masika. Hatukuwa na pa kwenda, tukacheza kila siku, na ndipo nilipoiona kona. Ukiupiga mpira juu sana ukapaa na kumwangukia nyuma, upande wa kushoto, memsabu alikuwa hageuki. Goti la kushoto lilimsumbua na hakutaka mtu ajue. Alipoona mpira unaelekea huko alinyoosha mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi. Nilipeleka mmoja, akakosa. Nikapeleka wa pili, wa tatu. Nikashinda seti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, nikasahau nipo na nani, nikacheka kwa sauti.

Memsabu Kiberiti alitupa raketi yake ikagonga mlango ikavunjika shingo. Akatoka kwenye mvua bila kusema neno, na kwa siku tatu hakunisemesha.

Siku tatu hizo nilizihesabu moja moja. Nyumbani kulikuwa na mama anayekohoa na wadogo zangu wanne, na baba hatukuwa naye. Siku ya nne aliponiita ghalani nilikuwa nimeshaamua. Mipira yangu yote nikaanza kuipeleka kulia kwake, kimo cha kiuno, mahali alipopapenda. Alipiga kwa raha. Alishinda. Akanigeukia uso unang'aa.

"Mimi napiga vizuri?"

"Vizuri sana, memsabu."

Ndivyo nilivyojibu siku hiyo na kila siku iliyofuata, karibu mwaka mzima. Wala usifikiri nilikuwa nalia moyoni. La! Uongo ule ulikuwa mtamu. Nilipewa sweta. Nilipewa ruhusa ya Jumamosi. Nikajiona mjanja kuliko wafanyakazi wote wa shamba, mtu anayejua kuishi na watu.

Aliyenigundua ni Mzee Saimoni. Huyu alikuwa Mchaga wa Machame, mtu wa makamo, aliyefanya kazi klabuni. Alitunza chumba cha mchezo, akasuka nyuzi za raketi, na siku za mashindano ndiye aliyeita pointi kwa Kiingereza kilichonyooka. Alikuja shambani na raketi alizotengeneza, akasimama mlangoni mwa ghala akatutazama. Memsabu alipokwenda kunywa chai akanisogelea.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Binti, kwa nini unamlisha?"

"Namlisha nini?"

"Usijifanye. Unamwekea mpira mkononi kama mtoto anayelishwa uji. Kona ile ya nyuma hupeleki mpira hata mara moja, na nimeona macho yako yanaitazama."

Nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Nikimshinda atanifukuza."

"Amekuambia hivyo?"

"Alitupa raketi."

"Alitupa raketi. Wewe hakukutupa." Akaketi juu ya gunia. "Sikiliza. Mimi nimeita pointi pale miaka mingi. Wale mabibi wote wanamlisha kama wewe. Yeye ndiye anayepanga nani aalikwe wapi, nani akae meza gani, hakuna anayetaka anune. Wakikaribia kumshinda, wanachoka ghafla. Huyu mama anadhani yeye ni bingwa, na kweli alikuwa, lakini hajacheza na mtu kwa miaka. Sasa amekuja mke wa daktari wa mifugo. Nimemwona akifanya mazoezi. Yule hajui kulisha mtu."

"Mbona wewe humwambii?" nikamwuliza, kwa jeuri ambayo hata sasa naionea haya.

Mzee Saimoni hakukasirika. Akasema, "Kwa sababu na mimi ni mwoga. Ila mimi hajaniuliza. Wewe anakuuliza kila siku."

Akaondoka na baiskeli yake. Nami nikafanya nini? Hakuna. Kesho yake, "Mimi napiga vizuri?" "Vizuri sana, memsabu." Nikikumbuka natamani kumshika yule msichana mabega nimtikise.

Ikafika ile Jumamosi. Mke wa daktari wa mifugo, ambaye wapishi walikuwa wameshampachika jina la Bibi Mifugo, alikuwa mwembamba, kimya, nywele amezifunga kwa kamba ya kifurushi. Aliingia bila mbwembwe. Mwanzoni Memsabu Kiberiti alimwendesha, akaongoza nne kwa moja, na mabibi roshanini wakaanza kuzungumza habari zao. Halafu Bibi Mifugo akapiga mpira mmoja juu, nadhani kwa bahati tu, ukaenda kuangukia nyuma kushoto. Memsabu akanyoosha mkono akakosa. Yule mgeni akasimama. Akaitazama ile kona, akamtazama mwenzake goti. Hakutabasamu wala nini.

Kuanzia hapo mipira yote ilikwenda huko. Yote, mwanangu. Nilikuwa naisikia sauti ya Mzee Saimoni ikiita pointi, haipandi wala haishuki. Seti ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda, memsabu akiwa na pointi mbili. Katika ya tatu hakupata hata moja. Mabibi walipiga makofi ya adabu, na nakuapia kuna waliokuwa wanauma midomo wasicheke.

Mpira wa mwisho ulipokufa, Memsabu Kiberiti aliinua uso. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, moja kwa moja, na nikaelewa kwamba ameelewa.

Mumewe alibaki na wanaume wenzake. Sisi tukarudi, yeye akiendesha, mimi nyuma na kapu la taulo. Tukafika Tengeru. Ilikuwa siku ya soko na akina mama walikuwa wanarudi na mikungu yao kichwani. Akasimamisha gari kando ya barabara akazima.

"Elinami. Wewe jua hii kona?"

"Najua, memsabu."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana."

Akapiga usukani kwa kiganja, honi ikalia, mama mmoja nusura aangushe mkungu. "Mwaka moja! Kila siku mimi uliza wewe! Kila siku wewe sema vizuri sana, vizuri sana, kama kasuku! Klabu yote iko kasuku. Mimi fikiri nyumbani yangu iko mtu moja."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu nilidhani kazi imeshakwisha hata hivyo. "Memsabu," nikasema, "siku niliyokuonyesha kweli, ulivunja raketi."

"Mimi hapana sema neno mbaya kwa wewe."

"Hukusema neno lolote. Siku tatu. Mimi nina mama mgonjwa na wadogo wanne. Ulitaka nifikiri nini?"

Nilimwona kwenye kioo, uso mwekundu, vumbi limeshikana na machozi. Wale akina mama wa soko walipita wakituchungulia. Kisha akawasha gari.

"Jumatatu," akasema. "Saa kumi. Wewe cheza kweli."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodhani hadithi imekwisha. Nilidhani hivyo mimi pia. Nimetubu, nimesamehewa, Jumatatu nacheza kweli. Mwanangu, Jumatatu nilishindwa. Nilikusudia kona ya kushoto, mpira ukaenda kulia, kimo cha kiuno, palepale. Nikajaribu tena. Palepale. Mkono ulikuwa na mazoea yake na haukunisikiliza. Memsabu akadhani namfanyia ukaidi.

"Kweli, nimesema!"

"Najaribu, memsabu!"

Wiki nzima hivyo. Yeye anafoka, mimi nalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake. Nilikuwa mwepesi, nilikuwa na jicho, nilikuwa na kipaji ambacho Mungu alinipa bure. Mwaka mzima nilikuwa nimekifundisha kushindwa, kwa bidii, kila jioni. Nilidhani namdanganya mtu mmoja, kumbe nilikuwa najibomoa. Hilo la kombe lake halijawahi kuniuma sana. Mwaka ule wangu unaniuma mpaka leo.

Ilinichukua miezi mitatu kuurudisha mkono. Siku nilipomshinda kwa haki, seti tatu kwa moja, Memsabu Kiberiti aliinua raketi juu ya kichwa. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameiweka chini juu ya gunia, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka nje akazunguka ghala mara mbili akiongea peke yake. Akarudi.

"Tena," akasema.

Basi tukacheza. Tulipiga kona ya kushoto mpaka chokaa ikabanduka. Alilifunga goti kwa bendeji na kulikanda kwa maji ya moto, hakulificha tena. Mimi nilimwambia kila nilichokiona, na yeye alikunja uso kila mara, na kila mara alirekebisha. Hata Bibi Mifugo alikuja shambani siku moja, akaomba kucheza na mimi. Sisi Waafrika hatukuruhusiwa kuingia kwenye mashindano yao, hilo unalijua, kwa hiyo hakuna popote palipoandikwa jina langu. Nitakuambia tu kwamba aliomba kupumzika mara mbili, na mimi sikuomba hata mara moja.

Mwaka uliofuata fainali ilikuwa ya wale wale wawili. Ilikwenda seti zote tano. Roshanini hakuna aliyezungumza habari za nyumbani kwake. Bibi Mifugo alipeleka mpira nyuma kushoto, Memsabu Kiberiti akageuka, akaurudisha, na wapishi waliokuwa wamebanana mlangoni wakapiga kelele mpaka wakafukuzwa. Hata Mzee Saimoni, katika seti ya mwisho, sauti ilimpanda akalazimika kurudia pointi.

Memsabu Kiberiti alishindwa. Tisa kwa saba. Alikuwa na umri wa kuwa mama mdogo wa yule mwenzake, na goti limevimba kama papai. Akatoka akaketi kwenye ngazi, na Bibi Mifugo akaja akaketi kando yake bila kualikwa, wakanywa maji katika chupa moja, wakicheka wote wawili kama wasichana waliovua viatu. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumwona na rafiki. Kombe alikuwa nalo miaka minane. Rafiki alimpata siku ile.

Nikampa taulo. Akaniuliza tena, "Mimi napiga vizuri?"

"Seti ya nne ulichoka ukaanza kupiga bati," nikamjibu. "Lakini kona yako huyu hakuipata."

Akatikisa kichwa kukubali. "Haya. Jumatatu," akasema.

Nilikaa naye miaka mingine mitatu mpaka nilipoolewa. Alihudhuria harusi yangu kanisani, akakaa benchi la nyuma na kofia kubwa, akalia kuliko mama yangu.

Sasa nakuambia waziwazi, maana nimeona mafumbo hayawafai nyinyi. Mtu akikuuliza kweli, mpe kweli. Si lazima uikimbize kwa kila mtu anayepita njiani. Mzee Saimoni hakuwa mtakatifu na wala mimi siwataki muwe mahakimu. Lakini aliyekuuliza amekufungulia mlango, na ukimjibu utamu wa bure unamwacha aende kuaibika mbele ya watu. Iseme kwa adabu, iseme mkiwa wawili, chagua saa nzuri, ila iseme. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa, ofisini, nyumbani, popote, uangalie unafanya nini na uso wako mtu anapokueleza usilolipenda. Raketi moja inayovunjika inanyamazisha nyumba nzima, halafu unashangaa kwa nini hakuna aliyekuonya. Kubwa kuliko hayo, usijipunguze ili mtu mwingine ajione mkubwa. Utadhani ni werevu. Siku utakayozihitaji nguvu zako utaziita, nazo hazitakuja, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyezifundisha kukaa chini.

Nimechoka kusema, na nyinyi mmechoka kusikia, naona. Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zako wa mlimani akupe ulimi usiotetemeka na moyo usiojivuna. Akuzungushie watu watakaokuambia kweli, akupe na masikio ya kuwavumilia. Kazi ya mikono yako isimdanganye mtu, wala isikudanganye wewe. Nenda salama, mwanangu, na ukue kwa kipimo chako chote.